Bodi Juu ya Mawe: Kwa Nini Toroli Lije Kabla ya Grenda

Ukipita kwenye gereji za Gerezani jijini Dar es Salaam, au kandokando ya Kirinyaga Road ya Nairobi ambayo wazee bado wanaiita Grogan, hutakosa kuliona gari lililowekwa juu ya mawe. Milango imeng'olewa, boneti na buti vimeegeshwa ukutani, injini imelazwa ndani ya tairi kuukuu. Kilichobaki ni ganda la bati, limekalia matofali upande mmoja, gogo upande wa pili, na rimu mbili zilizolazwa kule nyuma. Limekaa hapo miezi mingi. Fundi akiulizwa atasema mwenye gari hajaleta pesa, na mara nyingi anasema kweli. Lakini ipo sababu nyingine isiyotajwa sana: ganda lile halisogei, na kwa kuwa halisogei, kila kazi inayolihusu imekuwa nzito maradufu. Fundi wa bodi hafiki upande wa ukutani. Fundi wa umeme hana pa kupita. Gari la mteja mwingine haliingii. Mvua ikinyesha, bati tupu linalowa.

Wenye gereji wengi wanalihesabu toroli la bodi, yaani fremu ya chuma yenye magurudumu ya kubebea bodi tupu, kuwa anasa ya watu wanaotengeneza magari ya maonyesho. Mimi nalihesabu kuwa kifaa cha kwanza cha kutengenezwa pindi mtu anapoamua kulivua gari mpaka libaki bodi tupu, na lije kabla grenda haijagusa kutu hata mahali pamoja. Kazi yake kubwa ni kuishika bodi katika umbo lake tangu siku inapovuliwa miguu hadi siku inaporudishiwa. Kusukumika ni faida ya pili. Anayeyageuza haya mawili atapata kigari kinachoteleza vizuri sakafuni, na juu yake bodi itakuwa inapinda kidogo kidogo bila yeye kujua.

Tuanze na kile kinachobebwa, maana magari hayakujengwa kwa namna moja. Land Rover za zamani, Land Cruiser, pikapu nyingi na malori yana chesisi, yaani fremu nzito ya chuma iliyolala chini, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Ukiinua bodi ya Land Rover, chesisi inabaki na ekseli zake na magurudumu yake, na inasukumika kama kawaida. Bodi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni vipande vya aluminiamu vinavyofunguka kimoja kimoja. Hapo toroli ni jambo dogo, na fremu yoyote iliyonyooka itatosha.

Hali ilibadilika pale bodi na chesisi vilipofanywa kitu kimoja. Lancia ya Italia ilitoa Lambda mwaka 1922, gari ambalo bodi yake ilijibeba yenyewe. Mwaka 1934 Citroën ya Ufaransa ikautumia mtindo huo kwa Traction Avant, gari lililotengenezwa kwa wingi. Leo karibu kila saluni imejengwa hivyo: mabati membamba yamekunjwa, yakapangwa na kuchomelewa kwa maelfu ya nukta hadi yakawa sanduku moja lenye nguvu. Magari yaliyoacha jina kwenye Safari Rally ni ya ukoo huu. Volvo PV544 ya dereva Joginder Singh mwaka 1965, Datsun 1600 SSS mwaka 1970, Datsun 240Z mwaka 1971 na 1973, Ford Escort mwaka 1972, Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976, pamoja na Peugeot 404 zilizoshinda mara kadhaa miaka ya 60: hakuna hata moja yenye chesisi ya pekee yake. Wanaoyafufua magari ya aina hiyo leo kwa ajili ya mbio za Safari Classic lazima wafike kwenye bodi tupu, kwa sababu kizimba cha mabomba kinachomlinda dereva huchomelewa humo ndani.

Volkswagen ya kobe imekaa katikati. Sakafu yake ni chesisi bapa yenye uti mmoja, na bodi imefungwa kwa bolti ukingoni pande zote. Watu wachache wanaweza kuinyanyua. Wengi hudanganywa na wepesi huo. Chini ya milango ya kobe kuna mirija ya kupitishia hewa ya moto, na hiyo ndiyo mbavu ya bodi ile ikishatenganishwa na sakafu. Kobe nyingi zilizokaa pwani zimeoza hapo hapo. Bodi ikiinuliwa mirija ikiwa imekwisha, uwazi wa mlango hubana au hupanuka, na mlango uliokuwa ukifunga jana leo haufungi.

Hilo linatufikisha kwenye kiini cha suala. Bodi inayojibeba hupata ugumu wake kutokana na viungo kushirikiana: vizingiti vya chini ya milango, handaki la gearboksi, krosimemba (mihimili ya kukatiza), nguzo, paa, na kwenye magari ya karibuni hata kioo cha mbele kilichogandishwa kwa gundi. Kila unapoondoa kimoja, vilivyobaki hubeba zaidi. Ukiongeza na kutu, kizingiti ambacho kwa macho kipo kumbe ndani ni unga. Sasa iweke bodi hiyo juu ya matofali manne. Matofali hayalingani kimo, ardhi chini yake imezama upande mmoja, na yameshika bodi mahali popote palipokuwa na nafasi, pengine katikati ya sakafu au kwenye kizingiti chenyewe kinachotakiwa kukatwa. Bodi inajikunja kwa milimita chache. Fundi hazioni. Anakata kizingiti kibovu, anachomelea kipya, kinapoa, anapiga praima. Kwa kufanya hivyo ameufungia mpindo ndani ya gari kwa welding yake mwenyewe, tena welding nzuri. Miezi baadaye mwenye gari analalamika kwamba gari linavuta upande, tairi la mbele linaliwa ukingo mmoja, na mlango wa nyuma unataka kubamizwa ndipo ufunge. Anapelekwa kwa fundi wa alaimenti, na fundi huyo hawezi kumsaidia, kwa sababu gurudumu limefungwa vizuri kwenye bodi iliyopinda.

Kwa hiyo swali la kwanza katika kulijenga toroli ni hili: bodi ishikwe wapi? Jibu liko kwenye gari lenyewe. Ishikwe pale pale ambapo uzito wake ulikuwa unashuka kwenda kwenye magurudumu. Kiwanda kilipaimarisha mahali hapo kwa bati la tabaka mbili au tatu na matundu ya bolti yaliyopimwa. Bodi ikikaa juu ya pointi hizo inakuwa inabebwa kama ilivyozoea kubebwa barabarani. Vizingiti vinabaki huru, sakafu inabaki huru, na fundi anaweza kuvikata bila kuondoa nguzo inayoshikilia kazi yake.

Tuchukue Peugeot 504, gari ambalo Kenya na Nigeria ziliendelea kuliunganisha hadi miaka ya 2000, muda mrefu baada ya Ufaransa kuiacha saluni yake. Urefu wa saluni ni karibu mita 4.49, na kutoka kituo cha gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.74. Mbele, bodi ishikwe pale krosimemba inapofungwa kwa bolti chini ya mbavu mbili ndefu. Nyuma, ishikwe pale sasipensheni inaposhikiliwa. Pointi hizo nne ziko ndani ya mstatili ambao urefu wake unakaribiana na umbali wa magurudumu, na upana wake haufiki upana wa gari. Toroli linalofaa ni mstatili wa chuma ulioupita mstatili huo kidogo kila upande, wenye nguzo nne fupi, na juu ya kila nguzo kipande cha bati nene lenye tundu la bolti linalolingana na tundu la bodi. Bolti za gari zenyewe zitumike kufungia. Bodi isiwekwe tu juu kwa kutegemea uzito wake, maana siku fundi atakapopiga nyundo kwa nguvu itachupa.

Chuma kinachotosha ni bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, unene milimita 3. Mita moja ya bomba hilo ina uzito wa kilo 4 na nusu hivi. Mihimili miwili ya mita 2.8, mitatu ya kukatiza ya mita 1.3, nguzo nne za sentimita 40 na viungo vya mshazari vya mita mbili kwa jumla, unapata mita 13 hivi na uzito wa kilo kama 60. Mabomba haya huuzwa madukani kwetu kwa urefu wa mita 6, kwa hiyo matatu yanatosha na kipande kinabaki. Usinunue bomba lililopakwa zinki kwa kudhani utaokoa rangi. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomletea mchomeleaji homa na kutetemeka usiku ule, na afya ya kijana anayechomelea ina thamani kuliko kopo la rangi.

Nguzo ziwe karibu kabisa na mahali magurudumu yalipo. Uzito ukishuka kutoka kwenye bodi moja kwa moja hadi kwenye gurudumu, mihimili mirefu haina mzigo wa kuipinda. Ukiziweka nguzo katikati na magurudumu pembeni, bomba lile lile litalegea kama lilikuwa jembamba zaidi. Hapo ndipo mafundi wengi hukimbilia chuma kizito zaidi, na hatimaye toroli lina uzito wa nusu ya gari.

Kuhusu magurudumu, hesabu ndogo inaondoa ubishi wote wa kijiweni. Bodi tupu ya saluni ya kawaida ya miaka ya 60 na 70 huwa kati ya kilo 200 na 300. Chukua 300, ongeza kilo 60 za toroli, ongeza milango ikirudishwa kwa majaribio na fundi mmoja aliyeingia ndani: unakaribia kilo 500. Mtu angegawanya kwa nne. Asifanye hivyo. Sakafu ya gereji ina mabonde, na fremu ngumu yenye magurudumu manne karibu kila wakati husimamia matatu huku la nne likigusa tu, kama meza kwenye sakafu mbovu. Gawanya kwa tatu. Kila gurudumu liweze kubeba kilo 170 bila kulalamika, na anayenunua ya kilo 200 na zaidi amelala salama.

Ukubwa ni muhimu kuliko hata uwezo wa kubeba. Gurudumu lenye kipenyo cha milimita 100 likikutana na ukingo wa saruji wa milimita 10, nguvu inayohitajika kulivusha ni kama robo tatu ya uzito uliolikalia. Likiwa limebeba kilo 100, utasukuma kwa nguvu inayolingana na kilo 75. Yakifika mawili kwa pamoja, unahitaji 150, na hapo ndipo vijana huanza kulitikisa toroli na kulirusha. Gurudumu la milimita 200 kwenye ukingo ule ule linahitaji chini ya nusu ya uzito. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama toroli litasukumwa na watu wawili au litaitiwa mtaa mzima. Vigurudumu vya kabati la ofisi, vinavyouzwa kwa bei ya kuvutia, vinafaa kwenye sakafu ya vigae na kwingineko ni hasara.

Kilichozungushiwa gurudumu nacho kina tabia zake. Nailoni ngumu huteleza kwa urahisi lakini hutetemesha kila kitu na huchimba sakafu laini. Mpira hunyamaza na hushika vizuri, ila ukikaa miezi bila kusogea hupata bapa upande mmoja. Poliyurethani iko kati ya hayo mawili, na kwa gereji yenye saruji ndiyo ningeichagua. Cheche za welding huunguza vyote viwili, mpira na poliyurethani, kwa hiyo kipande cha bati juu ya kila gurudumu ni kinga rahisi.

Je, magurudumu yote manne yawe ya shingo inayozunguka? Ndani ya gereji finyu, ndiyo. Yanaliwezesha toroli kwenda ubavuni, kujipachika kati ya magari mawili, kugeuka mahali pamoja. Nje, kwenye njia ndefu au mteremko, toroli la namna hiyo halitii. Kila upande linataka kwenda. Mawili yaliyokazwa nyuma na mawili yanayozunguka mbele huenda njia iliyonyooka. Mwenye mahitaji ya aina zote mbili anaweza kuweka pini ya kufungia shingo za magurudumu mawili. Breki ziwepo angalau kwenye mawili, na hata zikiwepo, kabari za mbao zisiachwe. Breki ya gurudumu dogo hushika gurudumu. Toroli zima linaweza kuburuzika nalo.

Haya yote yanadai sakafu. Gereji nyingi za Afrika Mashariki hazina saruji. Zina changarawe, oili iliyogandana na udongo, na mfereji katikati. Kumwambia fundi wa namna hiyo anunue kasta za poliyurethani, yaani magurudumu madogo niliyoyaeleza, ni kumpotezea pesa. Kwake kuna njia mbili nzuri. Ya kwanza ni kuichelewesha kazi ya kuvua: injini itoke, viti vitoke, nyaya zitoke, vioo vitoke, lakini sasipensheni na magurudumu ya gari lenyewe yabaki hadi mwisho kabisa. Gari lisilo na injini bado linasukumika. Ya pili ni kutengeneza ekseli bandia, yaani bomba nene lenye habu mbili kuukuu na magurudumu ya kawaida ya gari, linalofungwa kwenye pointi zile zile nne nilizotaja. Tairi lenye upepo linapita kwenye shimo ambalo kasta ingezama. Lina udhaifu mmoja: upepo hupungua. Tairi moja likilala, bodi inaegemea kona moja wiki nzima. Ukishafika mahali pa kazi, ipandishe juu ya stendi nne za chuma na uyape matairi mapumziko.

Hata toroli la kasta lisibaki juu ya kasta zake wakati wa kuchomelea mbavu. Kila kona ichomelewe nati kubwa yenye bolti ndefu inayoshuka hadi sakafuni. Zikikazwa zote nne, magurudumu yanaelea, na toroli linageuka kuwa meza ya kazi isiyotikisika. Kusawazisha kona hizo hakuhitaji mashine ya leza. Ule mpira mwembamba wa maji anaoutumia mwashi kulinganisha msingi wa nyumba unafanya kazi hii kwa usahihi unaotosha kabisa: jaza maji, hakikisha hakuna povu la hewa ndani, shika ncha moja kwenye bati la nguzo ya mbele kushoto na nyingine kwenye ya nyuma kulia, kaza bolti mpaka maji yalingane. Zunguka kona zote mara mbili, kwa sababu ukiinua ya tatu ya kwanza nayo husogea.

Kisha pima mshazari. Kutoka tundu la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, halafu kinyume chake. Kwa bodi inayojibeba, tofauti inayovumilika ni milimita 3 hivi. Ikizidi hapo, gari lilikwisha kupinda kabla hujaligusa, pengine katika ajali ambayo muuzaji hakuisema, na ni bora ulijue sasa. Vipimo viandikwe kwa kalamu isiyofutika kwenye toroli lenyewe, vipimwe tena baada ya kila kipande kilichochomelewa. Hapa ndipo ninapoona thamani ya toroli kwa uwazi kuliko mahali pengine popote: fundi aliyekuwa akifanya kazi kwa kukisia sasa ana msingi mmoja usiobadilika wa kupimia kila kitu.

Vishikio vya kuzuia uwazi wa milango usipinde vije kabla ya kukata. Bomba la mraba la milimita 25 lichomelewe kwa nukta kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kufuli, kila upande, na lingine likatize ndani kutoka kushoto hadi kulia. Kabla ya kulichomelea, milango irudishwe na nafasi zake zitazamwe: zikiwa sawa juu na chini, ndipo ufunge umbo hilo. Gari lisilo na paa linahitaji zaidi, maana halina paa la kulisaidia kuwa gumu.

Wapo watakaosema, kwa nini tusiende moja kwa moja kwenye ile fremu ya kuzungushia, inayoshika bodi mbele na nyuma na kuigeuza mpaka tumbo litazame juu? Kifaa hicho ni kizuri mno kwa kusafisha sakafu ya chini na kupaka rangi bila kulala chali. Ila kinaishika bodi kwenye ncha zake mbili, mara nyingi pale bampa zilipofungwa, na kuifanya daraja la mita nne lisilo na nguzo katikati. Bodi yenye vizingiti vizima inavumilia. Bodi iliyooza vizingiti italegea tumbo. Mpangilio sahihi ni toroli kwanza, vizingiti na sakafu vichomelewe juu yake, na ndipo bodi iliyokwisha kupata nguvu ipelekwe kwenye fremu ya kuzungusha. Nimewaona watu wakianza na kifaa cha pili kwa sababu kinapendeza kwenye picha, na kazi yao ikawa ya kurudiwa. Namna ya kienyeji ya kuilaza bodi ubavu juu ya matairi kuukuu siipendekezi kabisa: ukingo wa paa unabonyea, na siku ya kuirudisha wima watu wanasimama upande inakoangukia.

Nizungumzie watu hao, kwa sababu katika mijadala ya magari hawasemwi vya kutosha. Bodi isiyo na toroli hubebwa kwa mikono. Vijana sita au wanane, wengi wao wanagenzi wasiolipwa au wanaolipwa nauli, huingiza vidole chini ya matao ya magurudumu na kwenye kingo za sakafu. Kingo hizo ni bati lililokatwa, jembamba, lenye mapengo ya nukta zilizochimbuliwa. Linakata kiganja kama wembe. Mmoja akiteleza, uzito wake unahamia kwa wenzake kwa ghafla, na mgongo wa kijana wa miaka 18 unaumia kwa namna itakayomfuata hadi uzeeni. Fundi mkuu anayeona toroli ni gharama ahesabu na hilo. Kwangu sababu hii peke yake ingetosha.

Moto nao una nafasi yake katika uamuzi huu. Tangi la petroli na mirija yake vitoke kabla bodi haijapanda toroli, na betri isiwepo karibu. Waya wa ethi wa mashine ya kuchomelea ubanwe kwenye bodi, jirani na mahali panapochomelewa. Ukibanwa kwenye toroli, umeme utatafuta njia kupitia bolti na viungo, na mahali penye mguso mbovu pataungua bila mtu kuona.

Kwa wakazi wa pwani, toroli lina faida ambayo mtu wa bara haijui vyema. Bati lililopigwa msasa mpaka ling'ae, Tanga au Mombasa au Unguja, usiku mmoja wa unyevu unatosha kulitia wekundu. Hewa ina chumvi. Kazi ya siku nzima ya grenda inapotea, na rangi itakayopakwa juu ya wekundu huo itafura baada ya msimu mmoja. Bodi inayosukumika huingizwa ndani saa kumi na moja jioni na kutolewa asubuhi jua likipanda. Vilevile inahamishwa kutoka kwenye vumbi la msasa kwenda mahali safi pa kupigia praima, jambo ambalo bodi ya juu ya mawe haiwezi. Ndiyo maana rangi nyingi zinazopigwa kwenye gereji za wazi zina chembechembe. Gereji yenye oveni ya rangi, inayokausha kwa joto la nyuzi 60 hivi, haiwezi kuipokea bodi isiyo na magurudumu.

Gharama, basi. Mabomba matatu, kasta nne nzuri, bolti, vijiti vya kuchomelea na siku mbili za mtu anayejua kazi. Kasta ndizo ghali, na si za gari moja. Ukizifunga kwa bolti badala ya kuzichomelea, na ukazifanya nguzo ziteleze ndani ya mihimili na kukazwa kwa pini, toroli lile lile litabeba 504 mwaka huu na Corolla mwaka ujao. Mwenye gereji anayelipa kodi ya nafasi kwa mwezi ajiulize bodi moja isiyosogea inamzibia magari mangapi.

Nina ombi kwa walimu wa uchomeleaji katika vyuo vya VETA vya Tanzania na vyuo vya ufundi vya Kenya na Uganda. Wanafunzi wenu hujifunza kwa kuchomelea madirisha na mageti, na hilo ni sawa. Wapeni na toroli la bodi. Ndani yake kuna kupima mraba kwa mshazari, kuhesabu mzigo, kuchagua unene wa chuma, kuzuia fremu isijikunje kwa joto, na kupanga kazi kwa kufuata gari halisi lililopo mbele yao. Kila darasa linaweza kuliacha moja kwenye gereji ya jirani. Na wewe uliye na gari juu ya mawe, kabla hujamwita mtu wa kukata kutu, ingia chini na utepe wa kupimia, tafuta matundu manne ya bolti, yapime mshazari mara mbili na uyaandike. Mpelekee mchomeleaji karatasi hiyo kwanza.